Mtoto Atembee Njia Kabla ya Kuiagiza Roboti

Mzazi anayeniuliza iwapo roboti ya kuchezea inamfaa mtoto wa miaka mitano, huwa namjibu kwamba inamfaa, ilimradi mtoto aipite njia ya roboti kwa miguu yake mwenyewe kabla ya kugusa kitufe hata kimoja. Nafundisha darasa la awali hapa Mtwara, na utaratibu huo ndio ninaoushikilia kuliko mwingine wowote.

Wazo lenyewe si geni. Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928 na kufanya kazi na Jean Piaget, mwanasaikolojia aliyechunguza jinsi watoto wanavyofikiri, kule Geneva, alishiriki kuunda lugha ya kompyuta ya Logo mwaka 1967, ambayo baadaye ilitumika kuendesha roboti ndogo ya sakafuni iliyopewa jina la kobe. Mtoto aliyeshindwa kuiagiza ichore mraba aliambiwa ajifanye kobe, autembee mraba huo, kisha aeleze alivyokwenda. Bee-Bot, roboti iliyotengenezwa Uingereza ninayoitumia darasani, imetokana na wazo hilohilo: haina skrini, vitufe vyake viko mgongoni, kila hatua ni sentimita 15, na ikigeuka hugeuka nyuzi 90.

Kwenye kugeuka ndipo watoto wengi wanapokwama. Akibonyeza kitufe cha kulia, mtoto hutarajia roboti igeuke na kusogea, kumbe inageuka palepale ilipo na kutulia. Tena ikiwa inamtazama yeye, kulia kwake ni kushoto kwa mtoto, na kwa umri ule hakuna maelezo ya mdomo yatakayomwingia. Mimi humwita aje nyuma ya roboti, atazame inakotazama, ageuke bila kuhama mahali, ndipo apige hatua. Msichana mmoja alizoea kugeuza mabega kabla ya kila kitufe huku akinong'ona, "Geuka, nenda, nenda." Sikumkataza, kwani ndivyo alivyokuwa akihesabu.

Jambo jingine ni kitufe cha kufuta. Usipokibonyeza, maagizo mapya huungwa nyuma ya yale ya zamani, roboti huyatekeleza yote, na mtoto husema imekuwa kaidi.

Asiye na roboti asijione amekosa kitu kikubwa. Chora miraba kwenye mchanga wa uani, kata maboksi yawe kadi na uzichoree mishale, kisha mtoto mmoja awe roboti na mwenzake ampangie kadi. Sharti ni moja tu, nalo ni gumu kwao: roboti haruhusiwi kukisia. Akiambiwa hatua tatu ilhali mwembe uko kwenye hatua ya pili, anasimama pale mtini, na aliyepanga ndiye anayerudi kuzikagua kadi zake. Cheko huwa kubwa, na mwenye kadi hurekebisha bila kuamriwa na mwalimu. Mahali pa kufikia pawekwe kifuu cha nazi. Msimu wa korosho watu hupenda kuweka korosho za maganda, nami sikubaliani nao, kwa kuwa mafuta ya ganda huunguza ngozi na watoto hutia kila kitu mdomoni.

Roboti yenyewe isipelekwe mchangani, maana mchanga huingia kwenye magurudumu. Sakafu ya saruji iliyofagiwa inatosha, na miraba ya sentimita 15 ichorwe kwa chaki. Watoto wawili au watatu kwa roboti moja ni wengi wa kutosha. Wakizidi hapo, waliobaki wacheze na kadi nje mpaka zamu yao ifike.