Mtoto kaingia besiboli na wewe mzazi hujui mchezo: anzia hapa

Dada, nimesoma swali lako. Kijana wa miaka 9 yuko Little League (ligi ya besiboli ya watoto) huko Marekani, wewe na baba yake mmekulia soka, sheria hamzijui, na juzi katolewa kwa straiki (yaani kashindwa kupiga mipira mitatu, akatoka) mara tatu katika mechi moja akasema harudi tena. Nitajibu kwa kirefu, ila kiini ni hiki: kupiga atafundishwa na kocha. Kazi yenu ni kurushiana naye mpira nyumbani, kulinda mkono wake, na kufunga mdomo pale panapotakiwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotaka muwe mmecheza besiboli. (Aliyecheza raunda shule ya msingi Kenya, mchezo unaofanana na huu, ameshajua nusu ya mambo.)

Kwanza hizo straiki. Mchezo huu ni wa kukosa. Kwenye ligi kuu, anayefanikiwa kupiga mara 3 kati ya 10 kwa msimu mzima ni nyota, na katika ligi mbili zinazounda ligi kuu ya leo, wa mwisho kufika mara 4 kati ya 10 alikuwa Ted Williams mwaka 1941. Mtoto aliyezoea soka halijui hilo, anadhani yeye ndiye mbovu. Mwambieni mapema.

Halafu mtazameni miguu. Umri huu ndio watoto wengi wanaanza kurushiwa na watoto wenzao badala ya kocha au mashine, na mipira inakwenda ovyo. Kama mpigaji wa mkono wa kulia anapeleka mguu wa mbele pembeni, kuelekea besi (kituo cha kukimbilia) ya tatu, badala ya kuelekea kwa mrushaji, shida yake si macho wala nguvu. Anaogopa kugongwa. Kumwambia "usiogope" hakusaidii kitu, mfundisheni kugongwa. Chukua mipira ya tenisi, simama mita nne au tano, mrushie taratibu kuelekea mwilini. Yeye azungushe bega la mbele kwa ndani, ampe mrushaji mgongo, ashushe kidevu kifuani, gongo alishushe, mpira umpate mgongoni au matakoni. Asijifungue kifua wala kugeuza uso kwenye mpira. Rudieni mpaka aanze kucheka. Baada ya hapo weka ubao nyuma ya visigino vyake anapofanya mazoezi ya kupiga, ili mguu ukikimbia auguse ajue mwenyewe.

Kurushiana mpira: dakika 15 hadi 20, mara tatu kwa wiki, inatosha kabisa. Nunua glovu yako pia, hata ya mtumba. Mpira halisi una uzito wa aunsi 5, karibu gramu 142, na ni mgumu. Usiudake kwa mkono mtupu. Anzeni karibu, mita tano hivi, mrudi nyuma kidogo kidogo. Lengo ni kifua cha mwenzako. Mpira ukija juu ya kiuno, vidole vya glovu vinatazama juu. Ukija chini ya kiuno, vinatazama chini. Watoto wengi wanaopigwa usoni ni wale wanaofungua glovu kama bakuli hata mpira ukija usawa wa kidevu. Kushika mpira: vidole viwili vikatize mishono, gumba chini yake, na pabaki nafasi kidogo kati ya mpira na kiganja. Anaporusha, kiwiko kifike usawa wa bega na mguu wa upande wa pili upige hatua kuelekea lengo. Mengine mwachieni kocha.

Vifaa, kwa sababu hapa ndipo pesa zinapotea bure. Anayerusha kwa kulia anavaa glovu mkono wa KUSHOTO. Lebo ya dukani yenye herufi RHT inamaanisha anayerusha kwa kulia, haimaanishi glovu ya mkono wa kulia. Miaka 9 inatosha inchi 10.5 hadi 11. Ule mtindo wetu wa kununua kubwa "atakulia humo" uacheni kwenye viatu. Glovu ambayo mtoto hawezi kuifunga kwa mkono mmoja itaangusha kila mpira. Ngozi mpya mnailainisha kwa kurushiana, na usiku mnaweka mpira ndani yake na kuifunga kwa mpira wa bendi. Msiiweke kwenye oveni wala kuiloweka, ngozi itakauka na kamba zitakatika.

Gongo: tangu 2018 Little League inadai gongo la watoto lisilo la mbao liwe na alama ya USA Baseball. Mtandaoni mtakutana na magongo mazuri ya mtumba yenye alama ya USSSA. Hayo ni ya mashindano mengine, na mwamuzi atalitoa kabla ya mechi kuanza. Kwa umri wake inchi 28 hivi, uzito wa aunsi 18. Mjaribu kwa kulishika kwa mkono mmoja, ameunyoosha pembeni. Likianza kutetemeka na kushuka ndani ya sekunde 20, ni zito. Njumu za soka anazo tayari? Zinafaa, zenye meno ya chuma tu ndizo zimekatazwa kwa umri huu. Helmeti ulizeni timu kwanza, mara nyingi wanazo. Kikinga cha sehemu za siri mnunulieni hata kama kocha hajasema.

Sasa mkono, na hapa naomba msome taratibu. Mifupa ya mtoto kwenye kiwiko na bega ina sehemu za gegedu ambazo bado zinakua, na ndizo zinazoumia kwa kurusha kupita kiasi. Ndiyo maana kuna kikomo. Mrushaji wa miaka 7 na 8 anaruhusiwa mipira 50 kwa siku, 9 na 10 ni 75, 11 na 12 ni 85. Mapumziko kwa walio chini ya miaka 15: akirusha 21 hadi 35 anapumzika siku 1, 36 hadi 50 siku 2, 51 hadi 65 siku 3, 66 na zaidi siku 4. Na akishafikisha 41 haruhusiwi kwenda kudaka nyuma ya mpigaji siku hiyo, kwa sababu mdakaji naye anarusha mfululizo.

Hesabu mwenyewe, hata kwa kalamu na karatasi. Timu inahesabu, ndiyo, lakini mtoto mwenye timu mbili ana makocha wawili, kila mmoja akihesabu mipira yake tu, na anayejua jumla ni mzazi peke yake. Dalili za kuchoka: kiwiko kinashuka, mipira inaanza kupaa juu, anaushika mkono au kuutikisa kati ya mipira. Akisema kiwiko kinauma upande wa ndani, asirushe tena siku hiyo. Dawa ya kuchua si tiba hapa. Maumivu yakirudi anaporusha, mpelekeni kwa daktari. Kila mwaka apate miezi isiyopungua miwili au mitatu mfululizo bila kurusha kabisa. Acheze soka, aogelee. Mipira ya kukata kona (inayopinda hewani) isubiri. Kwa sasa ajue mpira wa kasi na ule wa kasi iliyopunguzwa, basi.

Siku ya mechi pigeni makofi, na mkae kimya akiwa anasubiri mpira. "Inua kiwiko!" kutoka jukwaani inamfikia pamoja na sauti ya kocha, na mpira unafika kabla hajaamua amsikilize nani. Wala msidhani mkisema kwa Kiswahili mnaficha. Anayeelewa ni yeye, na ndiye mnayemchanganya. Kwenye gari msichambue mechi. Muulize anataka kula nini. Sifuni kitu kimoja mlichokiona kweli, mfano kwamba alikimbia besi ya kwanza kwa nguvu zote ingawa alishatolewa.

Kama anakaa benchi sana, jueni kwamba sheria ya kima cha chini inampa kila mtoto aliyepo nafasi ya kupiga angalau mara moja na kukaa uwanjani wakati wa ulinzi kwa angalau matokeo 6 ya kutolewa wapinzani. Mkiona haifuatwi, mwoneni kocha kesho yake, kwa utulivu, mtoto asiwepo.

Kuhusu kuacha: mimi ningemwambia amalize msimu halafu aamue mwenyewe, isipokuwa kama ana maumivu au kuna anayemwonea. Na akisema huu si mchezo wa watu wetu, mwambieni kwamba timu ya Lugazi, Uganda, ilicheza fainali za dunia za Little League kule Williamsport, Marekani, mwaka 2012, ya kwanza kutoka Afrika. Mwaka mmoja kabla, timu ya Kampala ilifuzu ikanyimwa viza.

Kwa nyie wawili: ombeni kazi ya kujaza kitabu cha matokeo. Mtachunguzwa rekodi za uhalifu kwanza, ndivyo ilivyo kwa kila anayejitolea, na kuna mtu atawaonyesha alama zake. Kujaza mechi tatu au nne kutawafundisha sheria haraka kuliko video yoyote, na hesabu ya mipira ya mwanenu itakuwa mikononi mwenu.