Maswali ya Wasomaji: Sikorsky, Sikorski, Sikorska

SWALI: Kwenye habari za helikopta nakutana na "Sikorsky". Kwingine naona "Sikorski", na kuna mwanamke ameandikwa "Sikorska". Je, ni ukoo mmoja? Jina lina maana gani? Na ni sahihi kuandika "rais alishuka kwenye Sikorsky"?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Asili ni Kipolandi. Sikora ni ndege mdogo wa vichakani. Aina yake inayojulikana zaidi ina kichwa cheusi na tumbo la manjano, na uzito wake ni kama gramu 18 tu. Kirusi humwita sinitsa, kwa hiyo Mrusi mwenye jina hili amebeba neno la jirani. Lakini usikimbilie kusema kwamba Sikorsky maana yake ni "ndege", hata kama kwa Igor Sikorsky, mhandisi aliyetengeneza helikopta, ingependeza. Kiishio -ski huunda kivumishi, na mara nyingi huonyesha mahali: mtu wa Sikory au wa Sikora. Vijiji vya namna hiyo viko zaidi ya kimoja, ndiyo maana jina peke yake haliwezi kuthibitisha undugu. Jenerali Władysław Sikorski, waziri mkuu wa Poland uhamishoni aliyefariki Gibraltar mwaka 1943, asitajwe kuwa jamaa wa mhandisi huyo kwa sababu ya jina tu.

Sikorska ni jina lilelile. Kwa kuwa ni kivumishi, hufuata jinsia: mume Sikorski, mke Sikorska, wote pamoja Sikorscy. Kirusi husema Sikorskaya. Waliohamia Marekani kwa kawaida huacha mabadiliko hayo, na binti huandikwa Sikorsky kama baba yake.

Tofauti ya i na y inatokana na aina ya herufi zinazotumika. Wapolandi hutumia i. Igor Sikorsky alizaliwa Kyiv mwaka 1889, jina lake likaandikwa kwa herufi za Kisirili, zile wanazotumia Warusi na Waukraine, na alipofika Marekani mwaka 1919 akalitumia kwa y. Leo utakuta pia Sikorskyi kwa taratibu za Ukraine, na hata Sikorskij. Unapotafuta kumbukumbu, andika "Sikorsk" kisha kinyota, ikiwa mfumo unakubali. Ukiandika umbo moja tu, utakosa nusu ya watu unaowatafuta.

Kulitamka si kazi kwetu: mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili, si-KOR-ski. Mpolandi ataanza na sauti inayokaribia "shi". Kwenye maandishi usipachike irabu ukapata "Sikoriski"; jina la mtu huachwa lilivyo.

Sasa matumizi. Sikorsky ni mtu, na ni kampuni aliyoianzisha mwaka 1923. Si aina ya helikopta. Aina hutambulishwa kwa S na namba: S-76, S-92. S-70 ndiyo ambayo jeshi la Marekani huiita Black Hawk. Namba hiyo haihesabu abiria wala haionyeshi mwaka. VS-300, iliyoinuka mara ya kwanza ikiwa imefungwa kamba tarehe 14 Septemba 1939, ina V kwa sababu wakati huo kampuni ilikuwa imeunganishwa na Vought, kampuni nyingine ya ndege.

Kosa tunalolikuta mara nyingi ni "Sikorsky, mvumbuzi wa helikopta ya kwanza". Wajerumani walirusha Focke-Wulf Fw 61 mwaka 1936. Alichofanikisha Sikorsky ni mpangilio wa pangaboi moja kubwa juu na dogo mkiani. Pangaboi la juu likizunguka upande mmoja, kiwiliwili huvutwa upande wa pili. Dogo la mkiani husukuma hewa pembeni kulizuia hilo. Likiharibika angani, helikopta huanza kujizungusha yenyewe.

Sentensi yako inakubalika ikiwa umehakikisha mtengenezaji, mfano rais wa Marekani akishuka kwenye VH-3D, maana hiyo kweli ni ya Sikorsky. Bora zaidi uandike "helikopta ya Sikorsky". Ukiona Mi-8, kama zilizowahi kutumiwa na Umoja wa Mataifa nchini Kongo, hiyo ni kazi ya Mikhail Mil, na Mi ni herufi mbili za mwanzo za jina lake la ukoo. Ka ni ya Nikolai Kamov. Usipokuwa na hakika, andika "helikopta", au "chopa" kama wasemavyo Wakenya.