Re: Kikundi chetu cha VICOBA kinataka kushona mablanketi ya viraka kwa watoto, tuanzie wapi?

Dada mleta uzi, umeuliza mambo mawili: mtindo upi wa viraka ni rahisi kwa kikundi chenye mafundi watatu na gunia la makombo ya vitenge, na mkishamaliza mpeleke wapi hapo Morogoro. Naanza na la pili, maana ndilo linalokwamisha watu. Kushona mtashona tu.

Naishi Columbus, Ohio, na kwa miaka kadhaa nashona na akina mama wa mtaani kwetu, wengi wao wastaafu, kwa ajili ya Project Linus. Ni shirika la kujitolea lililoanza mwaka 1995 Colorado, baada ya mama mmoja, Karen Loucks, kusoma habari za mtoto mwenye saratani ya damu aliyesema blanketi lake lilimsaidia kuvuka kipindi cha matibabu. Akaanza kupeleka mablanketi kituo cha saratani cha watoto Denver, na sasa matawi yapo kila upande wa Marekani. Masharti yao ni machache: blanketi liwe jipya, limetengenezwa kwa mkono, lifulike, lisinuke sigara wala lisibaki na pini. Kwetu kuna bibi mmoja ambaye kazi yake ni kupitisha sumaku juu ya kila blanketi, pole pole, mbele na nyuma. Mara moja moja inanasa pini, na chumba kizima kinanyamaza kila mtu akiombea isiwe yake.

Jambo kubwa lakini ni hili: mtoto akipewa, ni lake. Anaondoka nalo. Na hapo ndipo nyumbani mtapata kazi, kwa sababu msaada ukishaingia kwenye leja ya hospitali unakuwa mali ya wodi. Unafuliwa, unarudi stoo, mtoto anaruhusiwa mikono mitupu. Kwa hiyo kabla hamjakata hata kiraka kimoja, nendeni mkakae na muuguzi kiongozi wa wodi ya watoto na afisa ustawi wa jamii. Mwafikiane kwa maandishi nani atamkabidhi mtoto, na kwamba hadaiwi kurudisha. Msisahau Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi. Mtoto anayeletwa pale usiku mara nyingi ametoka na nguo aliyovaa tu, na mtu mzima anayemhoji hana cha kumpa mkononi.

La picha nitalisema hata kama litawaudhi wadau. Hakuna kupiga picha za makabidhiano na watoto. Hakuna bango, hakuna fulana za kikundi kuzunguka kitanda cha mtoto aliyechomwa maji ya moto au aliyebakwa. Sisi huku watoto hatuwaoni kabisa. Tunamkabidhi mratibu wa tawi, yeye anapeleka, basi. Mkihitaji picha ya kuwaonyesha wanachama, pigeni mablanketi yakiwa kwenye kamba.

Haya, kushona. Kitenge kifueni kwanza, kwa sababu kinachuja rangi na kinarudi, yaani kinapungua ukubwa. Loweka na suuza mpaka maji yatoke meupe, kisha piga pasi. Kateni karatasi ngumu ya mraba wa inchi 6 na kila mtu atumie hiyo hiyo. Mkila robo inchi ya mshono kila upande, viraka 7 kwa 8 vinawapa blanketi la kama inchi 38 kwa 44, linamtosha mtoto wa chekechea na wa darasa la kwanza. Kwa joto la Morogoro msijaze pamba katikati, bitana ya flana, kile kitambaa laini chenye vinyweleo, inatosha. Badala ya kupitisha mashine juu ya blanketi zima, fungeni fundo la uzi mnene kwenye kona za viraka, mara mbili, ili viraka na bitana vishikane, na mkate mikia iwe mifupi. Vifungo na shanga msiweke, mtoto atavitia mdomoni. Na kwa wachanga wa chini ya mwaka mmoja, madaktari hawashauri shuka au blanketi la kulegea pale mtoto anapolala, kwa hiyo anzeni na wakubwa.

Wakubwa, narudia. Kila kikundi nilichokijua kinakimbilia vitambaa vya vidubu vya rangi ya waridi na twiga. Mvulana wa miaka 14 aliyevunjika mguu kwenye bodaboda anasahaulika, na kumfunika twiga ni kumwongezea aibu. Vitenge vya bluu iliyokolea, kijani na kahawia viwekeeni wao, na viraka viwe vikubwa zaidi, vya inchi 10.

Kuna mdau hapo juu kasema watoto wanahitaji dawa, siyo viraka. Sibishani naye kuhusu dawa. Ila kikundi cha mafundi hakina dawa, kina cherehani na gunia la vitenge, na mtoto aliyelala wodini wiki nzima anaogopa sindano kila asubuhi hata kama dawa zipo.

Gharama yenu kubwa itakuwa flana na uzi. Nunueni jora zima kwa bei ya jumla, msikate mita mita. Mkishaonana na ustawi leta majibu hapa, nikuambie pia namna ya kupanga rangi makombo yakiwa hayafanani.