Vyuo vitatu tu? Inategemea unaomba wapi

Mdogo wangu, umeuliza kama kuomba vyuo vitatu tu ni kujimaliza, mi naona inategemea. Kama ni masters Uingereza kwa Chevening, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza, wenyewe ndo wanataka uchague kozi tatu, hapo uko sawa kabisa, kazi ibaki kupata ofa isiyo na masharti hata kwenye moja kabla ya dedlaini yao. Ila PhD ya Marekani yenye ufadhili, vitatu ni vichache asee, idara inaweza kuchukua watu sita saba tu afu profesa unayemtaka akusimamie mwaka huo hachukui mtu, basi umekwisha. Najua ada za maombi ndo zinaua, dola 75, 90 kila chuo, we acha tu, lakini andikia ofisi ya udahili mapema uombe usamehewe, vyuo vingi wana huo utaratibu, mi nilisamehewe kwenye viwili. Na kabla hujalipa popote mwandikie profesa umuulize kama anachukua wanafunzi. Mi niliomba sita, vilivyonikubali viwili, kimoja hakina hela. Kingine ndo niko nacho mpaka leo.