Kwa nyinyi mliokata vitumbua Jumamosi

Wadogo zangu, Jumamosi niliwaona. Nilikuwa benchi la pili kutoka maegesho, na chai yangu ya chupa, nikijifanya nasoma simu. Watatu, mashine mpya za kusaka sarafu na vyuma ardhini, hedifoni bado zinanukia boksi, mnapunga koili, ile sahani ya chini inayonusa chuma, kama watu wa kufyeka shamba la jirani. Mmoja akapata senti ya ngano, ile ya zamani ya Marekani yenye masuke nyuma, akaitemea mate akaisugua kwenye jinzi. Wa pili alibeba sepeto refu la kupandia miti. Wa tatu alichimba, akakosa, akaondoka, shimo limeachama.

Nilitaka kuinuka niwagombeze, lakini ningemgombeza nani, wakati niliyekuwa namtazama pale ni mimi wa mwaka wangu wa tatu kwenye mchezo huu? Basi nimeandika.

1. Punguzeni mwendo. Koili iguse ncha za nyasi, na kila mpungo ukanyage nusu ya uliotangulia. Mkiinyanyua mwisho wa mpungo mnatupa inchi mbili, na kwenye bustani zetu hizi za Ohio sarafu za zamani huwa inchi tano hadi nane chini.

2. Chimbeni takataka. Najua mmeiambia mashine inyamazie namba zote inazoonesha ikinusa vishikio vya makopo ya soda, maana hata mimi nilizima. Lakini nikeli ya Buffalo, ile senti tano ya nyati ya 1913 hadi 1938, inalia jirani kabisa na kishikio, na pete ya dhahabu nayo inalia hukohuko. Kabla ya pete yangu ya kwanza nilichimbua vishikio 212. Nimevihesabu, vimo kwenye ndoo gereji, na mke wangu kila akipita anauliza mshahara huo utaingia benki lini.

3. Msisugue. Jamani, msisugue! Daimu (senti kumi) na kwota (senti 25) za 1964 kurudi nyuma ni fedha asilimia 90, zinatoka udongoni nyeupe kama zimedondoka jana, hazikudai mate ya mtu. Za shaba zinatoka kijani, na hicho kijani ndicho ngozi yake. Senti za zinki, zilizoanza 1982, zinatoka zimeliwa kama biskuti iliyopitiwa na panya. Hizo sugueni mpaka mchoke. Nyingine zote suuzeni kwa maji, tieni kwenye kikopo chenye pamba, basi.

Nyumbani Tabora marehemu babu alikuwa na heller 20 ya mwaka 1916, zile Wajerumani walizogonga kwenye karakana ya reli baada ya Waingereza kuwafungia bahari. (Ndiyo, hela ya mfukoni mwako imetoka kwenye jina hilohilo.) Mama yangu, kwa mapenzi mema, aliisugua kwa majivu na ndimu siku ya sikukuu. Iling'aa kama kijiko. Miaka mingi baadaye nikaipeleka kwa mtu wa sarafu, akaiangalia kidogo tu, akanirudishia kwa ncha za vidole kama mtu anayerudisha soksi.

4. Kitumbua. Hapa kaeni vizuri.

Sisi wa zamani tunaita kitumbua kile kipande cha ukoka unachokata ili uchimbe chini yake. Unakata pande tatu, upande wa nne unauacha kama bawaba ya mlango ili mizizi iendelee kunywa. Kina kiwe cha kiganja. Udongo wote unawekwa juu ya taulo, wote unarudi shimoni, unafunika, unakanyaga, unamwagia maji. Hayo nilifundishwa siku ya kwanza na mzee mmoja Mmarekani, mstaafu, aliyenichukua kama mwanawe. Nilijibu ndiyo, ndiyo, kama mnavyonijibu nyinyi.

Mwaka wa tatu, Julai, mvua haikunyesha wiki tatu. Kulikuwa na bustani moja ya mji, yenye mialoni mikubwa na jukwaa la zamani la bendi. Watu walikaa pale chini kusikiliza muziki tangu enzi za babu zao, na mtu akikaa chini mfuko wake unatema. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi peke yangu. Chini ya mwaloni wa tatu mashine ilianza kuimba na haikunyamaza. Senti za ngano saba. Daimu mbili za Mercury, zile za msichana mwenye kofia ya mabawa. Halafu, kwenye inchi ya saba hivi, kwota ya Barber, jina la mchoraji wake, ya 1899, imelala chali kama mtoto.

Sikuwa na taulo. Nilikata duara zima, bila bawaba, maana duara ni haraka. Nilikata kina cha vidole viwili. Udongo niliutawanya kwa mguu. Maji nilikuwa nayo, nikayanywa.

Baada ya siku tisa nilirudi na rafiki yangu wa Kigoma nimwoneshe mahali nilipookota kwota. Tangu kwenye maegesho tukaona. Madoa ya kahawia, ya duara, kila moja sawa na sahani ya chai, yametoka pale tuliposimama hadi jukwaani. Yalikuwa 31. Ungeweza kunisoma: hapa alikuwa mtulivu, hapa kapata kitu, hapa chini ya mwaloni wa tatu kaingiwa wazimu. Rafiki yangu hakusema kitu. Alishusha mashine yake akairudisha kwenye buti la gari.

Mzee wa kukata nyasi alikuwa pale, tuliyesalimiana kila wiki. Alizima mashine yake, akainama, akashika doa moja kwa vidole viwili. Likanyanyuka kama kifuniko cha sufuria. Akauliza kama ni mimi. Na mimi, baba wa watoto wawili, nikasema labda ni kindi. Akatazama kisu cha kuchimbia kilichoning'inia kiunoni kwangu, akasema kindi wa hapa hajajifunza kukata duara. Hakucheka. Nami sikucheka.

Baada ya wiki mbili kibali cha mji cha kusaka na mashine pale kikafutwa, kwa wote. Kitumbua kikaingia mchanga. Yule mzee wangu aliyenifundisha alikuwa ametembea bustani ile zaidi ya miaka 20 bila kuacha hata alama ya kisigino, naye akafungiwa kwa ajili yangu. Nilimpigia simu kuomba radhi. Akaniuliza nilipata nini. Nikamwambia kwota ya Barber. Akasema, "Nzuri hiyo." Halafu akanyamaza, na mimi nikanyamaza, mpaka nikadhani simu imekatika.

Niliomba niruhusiwe kuotesha upya. Nilinunua mbegu, nikabeba ndoo kila jioni hadi Septemba, watu wanakimbia mazoezi wananipita wakidhani nimeajiriwa. Ukoka ukaota. Kibali hakikurudi mpaka leo. Mzee alifariki majira ya baridi mwaka uliofuata, na kwota ile ninayo, sijaiuza wala sijaiweka kwenye fremu, imo kwenye droo ya soksi.

5. Kibali, basi. Kila mji una sheria yake, pigeni simu kabla ya kutoka nyumbani. Hifadhi za taifa msitoe mashine hata kwenye buti la gari, na mkisikia ardhi ya serikali kuu someni kwanza sheria ya mwaka 1979 inayolinda vitu vya kale. Na mkienda likizo nyumbani, Kilwa ni ya kutembelea mikono mitupu, tafadhali.

6. Ramani za Sanborn, zile za bima ya moto, zipo maktaba na mtandaoni bure; zitawaonesha majengo yaliyosimama pale kabla ya bustani.

7. Kulikuwa na la saba, nimelisahau. Nadhani lilihusu magoti.

Jumamosi hii nitakuwa benchi lilelile, saa moja asubuhi, nina taulo tatu za ziada na galoni mbili za maji. Lile shimo la mwenzenu nilishalifukia. Ndani yake, inchi mbili chini ya alipoishia, palikuwa na senti ya kichwa cha Muhindi Mwekundu ya 1902. Aje aichukue. Na yule wa sepeto: liache nyumbani, kaka.