Kisu Kilichosahauliwa Mwilini

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la juma hili linauliza iwapo vitabu vya katuni vya zamani viliwahi kusimulia habari za tiba kwa ukweli, au vilimpamba daktari tu ili senti za watoto ziingie dukani. Jibu langu ni kwamba vingi vilipamba, na kwamba kimoja walau kilisema kweli. Ninathubutu kulitolea jambo hili hukumu kwa sababu mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, na sehemu kubwa ya kazi yangu, kwa miaka kumi na sita sasa, ni kuhesabu gozi (vitambaa vya kufyonzea damu), sindano na visu.

Nianze na vilivyopamba, ambavyo wala sivichukii. Nchini Marekani, katika miaka ya 1940, yalitokea magazeti ya katuni yaliyojinadi kuwa ni ya habari za kweli, likiwamo True Comics lililoanza mwaka 1941, na mmoja wa mashujaa waliopendwa sana na magazeti ya aina hiyo alikuwa Walter Reed, daktari wa jeshi aliyeongoza uchunguzi wa homa ya manjano nchini Cuba mwaka 1900. Kisa chake kina kila kitu anachokitaka mchoraji: mbu, kambi ya jeshi, na watu waliojitolea kuugua. Hata hivyo, aliyemshuku mbu mapema kuwa ndiye msambazaji wa homa hiyo, tangu mwaka 1881, ni Carlos Finlay, daktari wa hukohuko Cuba, ambaye kwa karibu miaka ishirini wenzake hawakumtilia maanani. Jesse Lazear, aliyekuwa katika tume ya Reed, alikufa kwa homa hiyo mwezi Septemba mwaka ule wa 1900, na wahamiaji wa Kihispania waliokubali kuumwa na mbu waliahidiwa dola 100 za dhahabu, pamoja na 100 nyingine iwapo wangeugua. Shujaa mmoja huchoreka kwa wepesi kuliko tume nzima yenye msiba wake na mikataba yake ya fedha.

Mwaka 1955 EC, kampuni ya Marekani ya vitabu vya katuni, ambayo jina lake lilikuwa limekuzwa na kuchafuliwa na katuni za kutisha, ilijaribu kuanza upya kwa kutoa M.D., gazeti la hadithi za madaktari peke yake, ambalo lilikufa baada ya matoleo matano. (Aliyewachochea wazazi dhidi ya katuni za kutisha alikuwa naye daktari: Fredric Wertham, mtaalamu wa magonjwa ya akili aliyefungua kliniki Harlem, mjini New York, ambako maskini walitibiwa kwa senti 25. Sijui hata mchoraji gani angethubutu kubuni mtu kama huyo.)

Kitabu ninachokikusudia ni Black Jack, cha Mjapani Osamu Tezuka, kilichoanza kuchapishwa katika gazeti la watoto la kila juma mnamo Novemba 1973, wakati ambapo kampuni yake ya filamu za katuni ilikuwa imefilisika na wengi walidhani zama zake zimekwisha. Tezuka alisomea udaktari Osaka na alikuwa na leseni, ingawa maisha yake yote alikula kwa kalamu. Shujaa wake ni kinyume chake kabisa, bingwa wa upasuaji asiye na leseni, mwenye kovu usoni, anayedai malipo ya kumfilisi tajiri.

Miongoni mwa visa vyake kimo kimoja ambacho nimekisoma mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Black Jack analetewa kifurushi, na ndani yake mna kitu kigumu mithili ya jiwe, ambacho kiini chake ni kisu cha upasuaji. Aliyekituma ni Daktari Honma, mzee aliyeokoa maisha ya Black Jack utotoni, alipoletwa akiwa ameraruliwa na mlipuko. Sasa mzee yuko kitandani, na anakiri kwamba katika upasuaji ule wa kusifika alikisahau kisu mwilini mwa mtoto, akatambua baadaye, akashindwa kusema. Miaka kadhaa ilipita kabla hajapata kisingizio cha kumfungua tena, na alipomfungua alikuta mwili umekizungushia kisu ganda la chokaa, kama chaza anavyokizungushia lulu kitu kigeni kilichomwingia, na hakikuwa kimemdhuru. Muda mfupi baada ya kukiri, damu inavuja katika ubongo wa mzee. Black Jack anamfanyia upasuaji usio na dosari hata moja, na mzee anakufa.

Kwa upande wa tiba, ganda hilo si uzushi mtupu, kwani mwili huweza kweli kukizingira kitu kigeni na kukiwekea chokaa. Gozi haina huruma hiyo mara nyingi; huweza kuingiwa na vijidudu, ikaleta usaha na homa. Ndiyo maana orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2008, inamtaka muuguzi atamke kwa sauti kwamba hesabu ya vifaa, gozi na sindano imekamilika kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Nikikisoma kisa cha Honma, swali langu la kwanza daima ni la kikazi: siku ile nani alikuwa akihesabu?

Usiku mmoja hesabu yangu ilikuwa pungufu kwa gozi moja. Ubaoni tulikuwa tumeandika thelathini, nami nilizipanga sakafuni tano tano, mara tatu, nikapata ishirini na tisa. Daktari, ambaye tayari alikuwa ameshika uzi, alinitazama kwa jicho ambalo kila muuguzi wa thieta analijua, na kwa kitambo nilitamani kusema kwamba huenda nilikosea mwanzoni. Niliposema haijatimia, aliuweka uzi, akaingiza mkono tena tumboni, nasi tukapekua ndoo, mashuka na chini ya meza. Ilionekana baada ya dakika ishirini, imeganda kwa damu chini ya kiatu cha mwanafunzi aliyekuja kutazama. Niliiokota kwa koleo, nikaiweka penye nafasi yake, nikasema thelathini, na daktari akaomba uzi.