Sega la mlembe

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, wazee wetu waliishi kwa amani na mazingira kuliko sisi?" Swali hilo nililisoma usiku, nikalala nalo, na alfajiri nimeamka na jibu tayari: ndiyo, tena sana. Shahidi wangu ni mlembe, ndege anayewaongoza watu kwenye asali.

Waliokulia Sikonge, kule Tabora, hawahitaji kuelezwa huyu ni ndege gani. Nilikuwa darasa la tano, likizo ya mwezi wa sita, nyasi za miombo zimeanza kukauka. Mimi na babu tulikuwa njiani kwenda kuangalia mizinga yake ya magome, mara tukasikia ile kelele, kama kiberiti chenye njiti chache kinapotikiswa. Babu akasimama, akapiga mluzi. Mlembe akarukia mti wa mbele, akatanua mkia wenye manyoya meupe pembeni, akatungoja. Tukisogea, anasogea. Tukichelewa, anarudi kutuita. Tulikwenda hivyo karibu saa nzima, tukakatisha mbuga, tukazunguka vichuguu, mpaka akanyamaza juu ya mninga. Akinyamaza, mmefika. Babu akatazama juu, akaona nyuki wanaingia na kutoka, akacheka peke yake.

Kazi ya shoka ilichukua mpaka jua likageuka. Kisha kienge cha nyasi, moshi, na masega yakaanza kutoka. Mimi nilikuwa sijala tangu asubuhi. Sega la mwisho lilikuwa jeusi, limejaa majana (watoto wa nyuki), asali hakuna. Babu akatandika majani mabichi, akaliweka juu yake, akageuka kufunika ndoo. Nikadhani amelitupa. Nikalichukua, nikaliuma.

Babu hakuwahi kunipiga, na siku ile pia hakunipiga, ila sauti yake sikuijua. "Weka chini. Hiyo ina mwenyewe." Nikamwambia, babu, ndege mdogo vile atalimaliza lini? "Ukimdhulumu," akasema, "safari ijayo atakupeleka kwa simba." Nikalirudisha likiwa na alama za meno yangu. Tukakaa mbali, kimya, mpaka mlembe akashuka na kuanza kula. Hapo ndipo babu alipobeba ndoo.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini wakati naandika nimewakumbuka Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Nao humwita mlembe kwa mluzi, lakini wakishapata asali mara nyingi masega yaliyobaki huyafukia au kuyachoma, ndege abaki na njaa aendelee kuwaongoza. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza lilinikera kweli. Wayao wa Niassa, kule Msumbiji, hufanya kama babu: humwachia nta juu ya majani. Wito wao ni "brrr-hm", na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wito huo unaongeza uwezekano wa kuongozwa kutoka asilimia 33 hadi 66. Mwaka 2023 ukatoka mwingine: walembe wa vilima vya Kidero, kwa Wahadzabe, huitikia mluzi wa wenyeji zaidi ya mara tatu kuliko wito wa Wayao. Kwa hiyo ndege huwaitikia majirani zake, anayemwachia sega na anayemficha.

Na hao Wahadzabe niliowakasirikia hupanda mbuyu kwa kupigilia vigingi, hutoa asali, hushuka. Mbuyu unabaki umesimama.

Nimeandika hapo juu "kazi ya shoka" nikapita haraka. Babu hakupasua tundu. Tundu lilikuwa juu mno, akauangusha mninga mzima, kwa ndoo moja ya asali isiyojaa. Majani mabichi aliyomtandikia mlembe aliyachuma kwenye matawi yake, yaliyokuwa yamelala chini. Miaka yote hii nimesimulia habari ya sega, na ule mti sijautaja hata mara moja.

Basi jibu langu limebadilika, Mhariri. Amani na mazingira yote sidhani kama ilikuwepo, angalau kwetu. Wazee walikuwa na wadai wanaowajua. Mlembe aliweza kususa, na akisusa mtalala bila asali. Mninga haususi. Simlaumu babu: miti ilikuwa mingi, shoka ni lake moja, na hasara yake haifikii ya malori ya mbao na mkaa ninayopishana nayo leo nikienda nyumbani. Pengine kwa wenye misitu ya matambiko mambo yalikuwa tofauti, wao waandike. Ila mkiniuliza kama babu aliishi kwa amani na pori, nitasema aliishi kwa amani na ndege mmoja.

Mdogo wangu sasa anafuga nyuki kwenye mizinga ya mbao, hahitaji kuongozwa na mtu wala ndege. Akirina, bado huacha kipande cha sega juu ya majani. Nilimuuliza kwa nini, akasema babu alikuwa anafanya hivyo. Mche wa mninga hajapanda hata mmoja. Wala mimi.